Picha Nilizoanika Kama Dagaa

Mwanga, Kigoma
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Shebe,

Umetoka sasa hivi kwenda Ujiji kumuaga shangazi yako, na kabla hujatoka umefanya kile unachokifanya siku zote. Umelitoa begi lako sakafuni ukaliweka juu ya kiti. Umefika mlangoni, ukarudi kuhakikisha kwamba kweli liko juu ya kiti. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikajifanya sikuoni. Ulipoondoka nikauweka ungo chini nikatafuta kalamu, kwa sababu kusema kwa mdomo nimejaribu miaka saba na nimeshindwa.

Kwa hiyo humu hutakuta habari za kupika wala kufua. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayaona kwa wenzako huko chuoni Dodoma. Sitakuambia usali, unasali kuliko mimi. Habari za baridi na marafiki wabaya naamini shangazi yako anakumalizia sasa hivi, na ukirudi masikio yako yatakuwa yamechoka. Mimi nataka kuzungumza habari ya albamu. Najua ukifika kwenye neno hilo utataka kuikunja barua. Tafadhali usiikunje. Nitaiweka juu ya begi lako uikute ukirudi, na mimi nitakuwa chumbani. Sitatoka mpaka uniite.

Albamu yenyewe nimeifunga kwenye kanga yangu ya zambarau nikaitia ndani ya begi, chini ya shati lako jeupe. Nisamehe kwa kufungua begi la mtu mzima.

Nianzie kwa baba yako, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka saba alipotuacha na mengi unayoyajua umeyasikia kwangu, na mimi, kama utakavyoona, si shahidi wa kuaminika. Unajua alikuwa fundi cherehani hapa Mwanga, kibarazani karibu na soko. Labda hujui alivyokuwa na wazimu wa picha. Kila nguo aliyoishonea nyumba hii ilikuwa lazima ipigwe picha kabla haijafuliwa mara ya kwanza. Nikivaa gauni jipya ananipeleka kwa fundi picha wa pale juu, ananisimamisha mbele ya pazia lenye maua, anavuta kola, anapunguza uzi kwa meno. Picha ikishasafishwa, anaiweka kwenye albamu, na pembeni yake anaweka kipande cha kitambaa cha nguo ileile. Hakukigundisha, alikishona kwa sindano na uzi, kwenye karatasi nene ya albamu. Nilimcheka sana. Nilimwambia, "Fundi Rashidi, sasa wateja wameisha mpaka unashonea makaratasi?" Akanijibu kwamba gundi ni ya watu wavivu.

Nyumbani kwetu mgeni akija alipewa albamu kabla ya chai, kama kwa watu wengine, ila mgeni wetu hakuachwa aitazame peke yake. Baba yako alikaa pembeni yake. Alisema, "Shika hapo." Mgeni anagusa kitambaa. "Ndiyo hiyo aliyovaa hapo pichani." Mjomba wako alipotoka Kasulu mara ya kwanza alishikishwa vitambaa kumi na vinne kabla hajapata hata maji ya kunywa. Nilikuwa jikoni nikiona aibu. Sasa hivi naikumbuka ile sauti yake, "shika hapo, shika na hapo," kuliko ninavyoikumbuka sura yake.

Hilo nalo nalisema wazi. Sura ya baba yako imeanza kunipotea. Mikono ninaikumbuka yote, na namna alivyoweka pini mdomoni. Ulipokuwa kidato cha pili uliniuliza, "Mama, baba alikuwa na pengo huku juu?" Nikakujibu ndiyo. Sikuwa na hakika, Shebe. Nilijibu tu kwa sababu uliuliza kama mtu anayetaka ndiyo.

Picha moja ilikuwa imepotea hata wakati yu hai. Ukurasa wa tano. Ilikuwa ni wewe una miaka miwili, umekaa mapajani pake, na nyote wawili mmevaa mashati ya kitenge kimoja, cha buluu chenye miavuli midogo ya njano. Wageni wa zamani walikuwa na tabia hiyo, mtu anapenda picha, anaichomoa kimyakimya na kuondoka nayo. Mimi nilimsingizia kila aliyepita mlangoni mwetu. Baba yako alisema tu, "Imesafiri," akakiacha kitambaa mahali pake na nafasi tupu pembeni, na wageni wakifika hapo bado anawaambia washike.

Alipofariki niliacha kuwapa wageni albamu. Niliifungia kwenye sanduku la bati, pamoja na mkasi wake na futi yake ya kupimia, na ufunguo nikauvaa shingoni. Uliniomba mara nyingi uione, nikakufungulia siku za Idi tu, tena nimekusimamia, usiguse, usilambe kidole. Nyumba yetu ya Katonga ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba chumvi ilikuwa inalowana kwenye kopo, na mimi nikaziweka picha ndani ya bati lililoanza kuoza kwa chini. Nilidhani nazitunza. Mtu ambaye kazi yake ni dagaa, anayejua kwamba kitu kikikosa hewa kinavunda, alifanya hivyo.

Mwaka ule ziwa lilipopanda, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Unakumbuka lilivyokuja polepole, leo limefika kwenye mawe, mwezi ujao limefika kwenye choo cha jirani. Wenye akili walihama mapema. Mimi nilikataa. Nilisema ziwa hili nalijua, litarudi, nimelala nalo mlango kwa mlango tangu niolewe. Shangazi yako alituma watu mara mbili tuhamie kwake Ujiji. Nilijibu kwa kiburi kwamba sina mzigo wa kumpelekea mtu.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na upepo. Nilitoka mapema kwenda kwenye vichanja vya kuanikia, kwa kuwa dagaa wa usiku walikuwa wengi. Nikiwa mlangoni nilikuambia maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Ukitoka shule, sanduku la baba yako liweke kitandani." Kitandani. Sikusema kabatini. Na wewe ulitoka shule ukalivuta lile sanduku peke yako, na lilikuwa zito hata kwangu, ukalipandisha kitandani kama nilivyokuagiza. Mawimbi yalipoingia yakalainisha sakafu, miguu ya kitanda ikazama upande mmoja, kitanda kikainama, sanduku likateleza likaingia majini. Nilipofika jioni ulikuwa umesimama barabarani umebeba daftari zako na sufuria, unatetemeka. Neno la kwanza nililokuuliza lilikuwa, "Sanduku liko wapi?" Sikukuuliza kama umeumia.

Kesho yake vijana walilitoa. Tulilifungulia uani kwa Mama Jeni, pale tulipolala. Albamu ilikuwa imelowa kama mkate kwenye chai. Lakini sura zilikuwepo, Shebe. Nataka ujue kwamba nazikumbuka zilikuwepo. Nilifunua ukurasa wa kwanza, baba yako alikuwa ananiangalia, amelowa, mzima.

Na wewe ukasema, "Mama, tusiziguse kwanza. Tuzipeleke Mwanga kwa fundi picha zikiwa hivihivi."

Nikakujibu, "Mimi naanika dagaa tangu hujazaliwa. Leo utanifundisha kuanika?"

Nilizichukua zote mpaka vichanjani. Unajua ninavyofanya kazi, mwenyewe umekulia pale. Dagaa unawatandaza wembamba juu ya waya, jua likisimama unawageuza, upepo ukibadilika unawakusanya. Basi nilizitenganisha picha kwa nguvu, zilizoshikana nikazivuta kama ninavyovuta gunia, nikazitandaza. Wenzangu walinitania. Mmoja akasema, "Mama Shebe, leo umevua watu?" Nikacheka na mimi. Jua lilikuwa kali, nikalishukuru. Saa sita nikazigeuza, uso chini, ili na upande wa pili ukauke.

Ulikuwa umekaa kwenye jiwe unaniangalia.

Nilipozikusanya zilikuwa zimekauka vizuri sana. Zimejikunja kama maganda, zinalia zikiguswa. Nyingine jua lilikuwa limezila rangi kabla sijazigeuza. Zile nilizozivuta, sura ya huyu imebaki mgongoni kwa yule. Na zilizolala uso chini zilishika waya, nikazibandua, na kila uso ukatoka na vile vyumba vidogo vya waya, na mahali pa macho hapana kitu. Picha ya harusi yetu niliibandua mwenyewe kwa kucha. Baba yako alibaki kwenye kichanja.

Nililia, uliniona. Lakini sikulia kwa kujua kosa. Wakati ule bado nilikuwa nalilaumu ziwa.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikikwepa.

Ijumaa ile shangazi yako alikuja kutupa pole. Alikaa kwenye mkeka kwa Mama Jeni, majirani wamejaa, akaniuliza, "Na picha za kaka yangu?" Wote wakanitazama. Mwanangu, nilikuwa nimeshapoteza nyumba, nilikuwa nimekaa kwenye ua wa watu na kanga moja, nilikuwa nimemkatalia mwanamke huyu mara mbili alipotuita. Sikuweza kuongeza na hilo. Ndiyo sababu, wala si udhuru. Nikasema, "Muulize mwanao. Nilimwambia aweke sanduku juu ya kabati, akaliacha chini."

Uliniangalia. Nadhani ulikuwa unasubiri niseme lililobaki. Mama Jeni alikohoa. Halafu ukaenda mbele ya shangazi yako ukapiga magoti ukasema, "Nisamehe, shangazi."

Mtoto wa miaka kumi na miwili aliona mama yake amekwama, akamtoa. Sijui ulilipata wapi jambo hilo, si kwangu.

Ungedhani ningerekebisha kesho yake. Kesho yake nilikuwa na haya zaidi. Wiki mbili baadaye nilizitia picha kwenye mfuko nikapanda kuja huku Mwanga kwa fundi picha, nikitumaini ana dawa. Alizimwaga mezani, akazigeuzageuza.

"Mama, hizi zilikaa juani?"

"Zilianikwa vizuri," nikamwambia.

"Maji hayakuziua hizi. Ungezileta zikiwa zimelowa, ndani ya beseni la maji safi. Tungezitenganisha moja moja humohumo majini, tukazilaza kwenye kitambaa kivulini, uso juu. Karibu zote zingepona." Akachukua moja, akaiweka. "Nani alikuambia uzipeleke juani?"

Nikasema ni mtoto.

Ndiyo, Shebe. Hata kwa mtu asiyekujua, ambaye hangenifanya kitu, nilikutupia wewe. Uongo wa kwanza nilikuwa na watu mbele yangu. Huu wa pili nilikuwa na meza tu na mwanamume mmoja mwenye miwani. Nilirudi nyumbani nikakupikia wali siku ya kawaida, ukauliza kuna nini, nikasema hakuna kitu.

Tangu hapo nimekuwa nikikuangalia. Huachi kitu sakafuni. Viatu unapandisha dirishani, mfuko wa unga unautia juu ya ndoo, hata hapa mlimani tulikohamia, ambapo ziwa lingehitaji kupanda ngazi kutufikia. Ukitoka unarudi mara mbili. Majirani wanakusifia kwamba una mpango. Na picha huna. Ulipomaliza kidato cha nne wenzako walijipanga na wazazi wao, mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya, ukasema, "Picha za nini mama, zitaharibika tu." Ukaenda kupanga viti. Nilisimama pale na lile gauni. Humu ndani hamna sura yako hata moja baada ya ile siku, ila zile ndogo ulizobandika kwenye fomu, nazo umezipeleka zote. Nyumba nzima baba hayumo, na mtoto naye hayumo, na vyote viwili ni kazi yangu.

Jana nilikuambia naenda Katonga. Nilienda Ujiji.

Nilimkuta shangazi yako uani anachuja mawese. Nilikataa kigoda, nikamwambia nikiwa nimesimama, "Wifi, zile picha za kaka yako niliziharibu mimi. Maji yalizilowesha tu. Nilizipeleka juani kama dagaa, na Shebe alinikataza. Na sanduku aliliweka pale nilipomwambia."

Aliendelea kuchuja. Baadaye akaweka chujio chini, akajifuta mikono kwenye majani, taratibu sana.

"Unajua nilimwambia nini yule mtoto?" akaniuliza. "Alipokuja kwangu wiki ile, aliponisalimia, sikumwitikia shikamoo yake. Nilimwambia amemzika baba yake mara ya pili. Nilimwambia hivyo hapa, amesimama hapo ulipo wewe."

Sikujua. Hukuniambia. Miaka saba umekwenda nyumba ile kila Idi, umemchotea maji, umemshikia ngazi akipaka chokaa, na neno hilo unalo.

"Yoo, wifi," akasema. "Ukaniacha nikalisema."

Alikwenda ndani, nikadhani ndiyo amenifukuza. Akarudi na leso imekunjwa, akaishika kifuani.

"Hii nilimwibia kaka yangu, Shebe ana miaka miwili. Alijua. Alinicheka tu. Miaka yote hii sikuirudisha kwa kuwa niliogopa mtaiharibu na hii." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mtume mtoto kesho. Nitampa yeye, na nitamwomba radhi mimi mwenyewe. Wewe hutaiona mkononi mwangu."

Basi nilichokiona ni leso. Nyeupe, ina mstari wa kijani. Nilitoka mpaka barabarani nikasahau kumuaga.

Ndiyo maana leo nilikuhimiza uende, na ukanishangaa, maana juzi nilikuambia kumpigia simu kunatosha. Sasa hivi pengine umeshaishika. Pengine umeshaambiwa yote na barua hii imechelewa. Sitashangaa. Kuchelewa ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

Kuhusu albamu yenyewe. Vitambaa vyote viko, kwa sababu vilishonwa. Maji yalipita, jua likapita, uzi wa baba yako haukuachia hata mmoja. Rangi zimefifia lakini ukishika unajua ni kipi. Picha zilizokufa nimezitoa, nimezitia kwenye bahasha mwishoni, usipotaka kuifungua usiifungue. Na pale zilipokuwa nimeandika ninachokumbuka. Nimeandika kwa penseli, yule fundi picha aliniambia wino ukilowa unatembea. Miezi mitatu nimekuwa nikiandika ukienda msikitini, kidogo kidogo.

Ukurasa wa kwanza ni harusi. Nimeandika kwamba nilikasirika siku ile kwa sababu kiatu kilikuwa kidogo, na kwamba baba yako alinicheka mpaka fundi picha akatikisa kamera. Wa tatu ni gauni la hariri la kijani, nikiwa na mimba yako, na nilidhani ni msichana. Wa nane ni siku yako ya kwanza shuleni, kaptula ya kaki, alikuongezea pindo refu ili uikulie, ukaikulia kweli, yeye hakuwepo. Wa tisa ni kitambaa cha kahawia cha suruali, na sikumbuki. Nimekaa na ukurasa huo siku nzima, nimenusa, nimeshika. Nimeandika: sikumbuki. Sikutaka kukutungia tena.

Wa tano nimeuacha bila neno.

Usiifungie ndani ya bati. Iweke mahali penye hewa, mbali na dirisha, isipigwe na jua, na uifungue mara kwa mara hata kama huna mgeni. Na mgeni akija, mpe. Mwache ashike. Wakiiba picha, waibe. Kama shangazi yako asingekuwa mwizi leo tusingekuwa na kitu.

Na picha utakazopiga huko kwa simu, mbili tatu zisafishe ziwe karatasi. Siku ukiwa tayari, si lazima mwaka huu, jisimamishe mbele ya mtu akupige moja. Sijali umevaa nini. Utume kitambaa na picha, hata kipande cha pindo, mimi nina sindano.

Nimekulea uone kwamba mama hakosei. Nilifikiri mtoto asiye na baba anahitaji hilo. Na nilivyokuwa na hakika siku ile vichanjani, nilikuwa na hakika kwa sababu ya dagaa, kwa sababu kwa dagaa sijawahi kushindwa na mtu. Sikujua kwamba naweza kuwa bingwa wa kitu kimoja na mjinga kabisa wa kitu kinacholala juu ya waya uleule. Mtoto aliyekaa kwenye jiwe alijua. Huko uendako utakutana na watu wa aina yangu, wenye hakika na sauti kubwa, na wengine watakuwa walimu wako. Sijui la kukushauri juu yao. Najua tu ningetamani siku ile ungenipigia kelele, na najua kwamba ungenipigia kelele ningekuchapa.

Nakuomba msamaha, Shebe. Nimeliandika neno lenyewe ili lisije likapotelea kooni tena. Uliliweka sanduku mahali nilipokuambia. Ulisema tusiziguse, na ulisema kweli. Ulipopiga magoti mbele ya shangazi yako ulikuwa unaomba radhi ya kosa langu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nakutazama.

Hulazimiki kunijibu leo. Na hiyo picha, hulazimiki kunionyesha. Nimetunga uzi wa buluu kwenye sindano nikaichomeka kwenye kile kitambaa cha ukurasa wa tano, ushone mwenyewe pembe zake ukitaka. Natamani kuiona. Natamani kujua kama alikuwa na lile pengo. Lakini kama utaona kwamba mtu aliyeziua zile thelathini hastahili kuiona hii moja, utakuwa na haki, na kesho stendi nitakubebea chakula kama kawaida na sitauliza.

Adhana ya magharibi inaanza, nawe hutakuwa mbali. Nimelitoa begi lako kwenye kiti nikalishusha sakafuni, na barua hii iko juu yake. Ukishaisoma, usilipandishe. Liache palepale chini mpaka kesho alfajiri tutakapotoka.

Mama yako